Maji Yasiyolowesha

Siku mliyoniaga, baada ya keki na hotuba, mlinizunguka pale kwenye kibaraza cha kitengo cha mazoezi ya viungo mkaniambia, "Mzee, usiondoke na kila kitu kichwani." Nikaahidi nitaandika. Sasa niko nyumbani. Asubuhi hazina foleni ya wagonjwa, na mchana usingizi unanijia bila kuuita. Katika usingizi huo naona mikono. Sioni watu, naona mikono tu, imelazwa juu ya meza, mingine ya kulia, mingine ya kushoto, inangoja nianze. Basi ngoja nianze. Vyeo sitavitaja, na habari za mshahara mnazijua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, upande wa Muheza. Baba alikuja kutoka bara kukata mkonge, akabaki. Pale kambini kulikuwa na wazee wengi walioacha vidole vyao kwenye mashine ya kuchakata majani. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanaume wakizeeka vidole hupungua, kama meno. Nadhani kazi yangu ilianzia hapo, ingawa kwenye usaili nilisema maneno mengine mazuri zaidi.

Chumba cha mazoezi nilichokikuta hospitalini kilikuwa na feni moja, kitanda kirefu, kioo, beseni la maharage na vibanio vya nguo vya kuzoeza vidole, na kapi la mbao lililoning'inia darini likiwa limepitishwa kamba. Mgonjwa alishika ncha mbili za kamba hiyo, mkono mzima ukauvuta ule ulio mgonjwa juu. Mwenye chumba alikuwa Mzee Kihiyo, Mbondei mfupi, mpole, mwenye viatu visivyotoa sauti. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanipa mkono, halafu hakuniachia. Akakipindua kiganja, akakikunja kiwiko, akagusa bega.

"Huu umechota maji sana," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Utawaelewa watu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza. Muda uliobaki nilihesabu maharage.

Mzee Kihiyo alikuwa na tabia ya kulala baada ya chakula cha mchana, nyuma ya pazia la kitanda, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Mimi niliendelea na wagonjwa kwenye kapi. Mara kutoka nyuma ya pazia utasikia, "Bega!" Nikitazama, kweli, mgonjwa wangu amepandisha bega. Kwa mgeni wa kazi hii, hilo ndilo kosa tunalopigana nalo kila siku. Mkono uliopigwa na kiharusi haufi, unasahau. Ukiuambia upande juu, bega linaruka kuusaidia, kiwiko kinajikunja, ngumi inajifunga, na mgonjwa anafurahi kwamba ameinua mkono kumbe ameinua bega. Jinsi Mzee Kihiyo alivyoliona bega kupitia pazia, tena macho yamefumbwa, sikuwahi kujua. Nilimuuliza. Akasema nikikua nitaelewa.

Alikuwa na maneno mawili aliyoyarudia mpaka yakachosha. La kwanza, usimuulize mgonjwa mkono unamuuma wapi kabla hujamuuliza anautakia nini. Tulimpata mwalimu wa madrasa aliyekataa katakata kuhamisha maharage, akasema hiyo ni kazi ya kuku. Mzee Kihiyo akamwaga mchanga kwenye sinia, akausawazisha, akaliweka mbele yake bila kusema kitu. Mwalimu akautazama mchanga. Kidole chake kikatoka kwenye ngumi, polepole, kikaandika alifu. La pili, mkono umepona siku mwenyewe akiusahau. Maana yake, siku anapojikuna shingo au anapofukuza nzi kwa mkono ule bila kuufikiria. Mpaka siku hiyo, alisema, tusijisifu.

Alistaafu, akarudi kwao milimani, na kapi akaniachia mimi.

Miaka ikapita kama inavyopita Tanga, yaani huisikii ikiondoka. Kisha, karibu na mwisho wa safari yangu, akaja Rehema na miwani. Rehema ni fundi wa kompyuta, dada mwerevu, mnamjua. Alinivisha miwani ile kubwa nyeusi akaniambia ninyooshe mkono. Meza ilikuwa meza ileile, mkono wangu ni wangu, feni inazunguka. Lakini hewani, juu ya beseni la maharage, lilielea tufaha jekundu ambalo halikuwepo. Nikalishika. Likapasuka likawa nyota. Nilicheka kama mtoto, halafu nikageuka kutazama kama kuna aliyeniona.

"Hapa nani anachuma matufaha?" nikamuuliza, ili kurudisha heshima yangu.

Kesho yake matufaha yamekuwa machungwa, na tangu hapo sikumpinga tena. Miwani ile ilikuwa na subira ambayo mimi sina. Mgonjwa akifika chungwa, la pili linasogea mbali kidogo, la tatu juu kidogo. Mtu aliyekuwa anachoka na maharage mapema alikaa asubuhi nzima akichuma bustani isiyokuwepo, uso umetulia kama wa mtu anayeota. Rehema alifuatilia machungwa kwenye kishikwambi chake. Mimi nilibaki kutazama mkono. Mkono peke yake hewani, bila tunda wala mti, una uzuri fulani, na una kitisho fulani pia. Kitisho hicho sikukijua mpaka alipokuja Bi Mwanajuma.

Bi Mwanajuma alikuwa mtu wa mtaa wa Makorora, mama wa makamo yaliyopita, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha na macho ya utani. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za kike. Nusu ya Makorora ilikwishampigia hodi alfajiri kumwita, na nusu nyingine ilijua itampigia. Alikuwa bado amelazwa wodini tulipomvisha miwani mara ya kwanza, ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake, Tatu, alikuwa amekwenda dirisha la dawa.

Mkono ule haukuwa umesogea tangu siku ya kulazwa. Nilikishikilia kiwiko kwa chini. Chungwa la kwanza lilikuwa karibu, na vidole vikatetemeka, vikafunguka. Nikahisi uzito ukipungua kwenye kiganja changu, mkono ukipanda wenyewe, polepole, unatafuta. Nilifurahi mno hata sikusikia mlango ukifunguliwa.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Aliingia mdogo wake, Mzee Bakari, na wanawake wawili wa ukoo. Waliyoyaona wao ni haya: dada yao amefunikwa macho na kitu cheusi, mdomo wazi, na mkono uliokuwa umekufa sasa unapapasa hewani, vidole vinapokea kitu kutoka kwa asiyeonekana. Pwani hii kila mtu anajua maana yake. Anayekaribia kukata roho hufanya hivyo.

Mzee Bakari hakutusalimu. Alikishika kiti akakizungusha kuelekea kibla, pamoja na dada yake ndani. Wanawake wakaanza Yasini. Yeye akainama sikioni, sauti inamtetemeka, akaanza kumtamkisha shahada. Bi Mwanajuma, ambaye chungwa lake sasa lilikuwa limebaki upande wa dirisha, aliitikia shahada yote kwa utulivu, neno kwa neno, kisha akauliza, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada," akasema Mzee Bakari. "Wewe ndo..." Akakwama.

"Mie ndo n'nani? Hebu nirudisheni, mwanipotezea chungwa langu!"

Tulicheka sote. Rehema alicheka mpaka akaketi chini, na wanawake wa Yasini wakajifunika kanga usoni. Bi Mwanajuma naye alicheka, akavua miwani kwa mkono wa kushoto, akataka aelezwe. Mzee Bakari akamwonyesha kwa mkono wake alivyokuwa akifanya. Hapo kicheko kikamkauka Bi Mwanajuma usoni.

"Hawakukosea hao," akaniambia baadaye, walipokwisha kutoka. "Nimekaa na wanaokwenda miaka na miaka, mwanangu. Nnawajua wachumao hewani. Sitaki mkono wangu uzoee."

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, hakurudi kliniki. Nilingoja, nikamtuma mtu, hakurudi. Ndipo nikamfuata Makorora.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

"Marahaba, Bwana Nyoosha. Umekuja na miwani yako ya majini?"

Bwana Nyoosha ndilo jina langu mjini, mnalijua, ingawa mkiniita mlidhani sisikii. Nilimwambia nimekuja mikono mitupu. Tatu akaleta chai na vitumbua. Mama alikunywa kwa kushoto, na mkono wa kulia ameufunika kanga, kama kitu cha aibu kilichowekwa pembeni wageni wasikione. Nikakumbuka sinia la mchanga. Nikamuuliza huo mkono anautakia nini.

Akakiweka kikombe chini.

"Kula ntalishwa," akasema. "Kuvaa ntavishwa. Nina kazi moja tu." Akanieleza habari za somo yake, yaani shoga yake wa tangu utotoni, Bi Riziki wa Pangani. Wamekua pamoja, wamechezwa ngoma pamoja, wameolewa mwaka mmoja na kuachika karibu mwaka mmoja. Tangu usichana waliwekeana ahadi: atakayetangulia ataoshwa na mwenziwe. Sasa Bi Riziki alikuwa anaumwa moyo, miguu imejaa maji, hatoki ndani. "Ye anangoja zamu yake kwa raha, anajua mie nipo. Hajui kama mie sipo."

"Mkono wa kushoto si unao?" nikasema.

Alinitazama kama aliyesikia mtoto akitukana mbele ya wageni. "Kushoto kuna kazi yake. Maji ni ya kulia."

"Na waosha wenzako?"

"Wapo, na kazi waijua. Lakini Riziki hakuwaahidisha wao." Akaishusha sauti. "Na n'kienda na mkono huu unaotetemeka, kata ya maji ikamwangukia usoni? Maiti hasemi, mwanangu. Ndo maana hastahili kuaibishwa. Kama siwezi kumimina sawasawa, simgusi."

Nikaaga nikaondoka. Nilimwonea huruma, na pia niliona wazi kwamba moyo wa Bi Riziki hautatungoja.

Rehema aliposikia alikaa na kompyuta yake siku kadhaa, kisha akanifuata na mpango. Bi Mwanajuma ashike kata ya kweli, tupu. Maji yaletwe na miwani. Benchi letu la mbao litandikwe mkeka, ndoo tupu iwe pembeni. Tatu akamshawishi mama. Bi Mwanajuma akaja na kata yake mwenyewe ndani ya kanga, kifuu cha nazi kilichokuwa cheusi kwa umri, mpini mrefu. Mpini nikauzungushia kitambaa unenepe, vidole vipate cha kushika. Rehema, kwa bidii yake, alitaka kuchora na mtu juu ya benchi.

"Mtu usimtie, mwanangu," Bi Mwanajuma akamwambia. "Utamtia nani?"

Rehema akamwacha mtu. Maji tu. Kata ikichovywa kwenye ndoo tupu, inajaa, ikiinama, inamimina, ikitetemeka, yanamwagika pembeni. Bi Mwanajuma akachota mara ya kwanza, akamimina kidogo, akasimama.

"Maji haya hayana sauti. Maji yasiyo na sauti mie siyajui."

Rehema akaenda bombani akarekodi maji yakimiminwa kwenye beseni. Bi Mwanajuma akasikiliza. "Hayo ya kufulia." Akarekodi mengine yakianguka juu ya saruji. "Hayo ya kuosha ua." Rehema akanitazama mimi, na ndiyo sababu siku hiyo baadhi yenu mlinikuta kwenye kibaraza nimekunja suruali hadi gotini, fundi wa kompyuta ananimiminia maji mguuni kwa kata huku ameshika simu. Mliuliza, nikawaambia ni utafiti. Sasa mnajua. Mguu wangu uko ndani ya mashine ile mpaka leo.

Bi Mwanajuma aliposikia sauti ya mguu wangu, aliitikia kwa kichwa polepole. "Hayo ni ya mtu," akasema. "Ila hayaloweshi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza miezi ambayo naiota zaidi kuliko yote. Alikuja mchana, joto limeshika mji, feni inasaga hewa, mwanga unaingia kwa vipande kupitia vioo vya dirisha. Chumba kikavu kabisa, na ndani yake sauti ya maji. Wagonjwa wengine walinyamaza wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kapi aliinua miguu ili asilowe, kisha akaona haya. Mimi nilimwona mama mrefu, kata tupu, benchi kavu, na mkono unaokwenda kulia kwanza, halafu kushoto, kichwani mpaka miguuni, kwa mpango ambao ulikuwa umekaa mwilini mwake kabla ya kiharusi, nacho hakikuuondoa. Mpango ule ulivuka kifua, ulinyoosha kiwiko, uligeuza kiganja. Ningetunga mazoezi mwaka mzima nisingetunga bora zaidi.

Haikuwa kazi nyepesi. Bega liliruka, nikasema, "Bega chini, kiwiko kitangulie," mpaka akaniambia hata siku ya kuoshwa kwangu nitakuwa bado nasema hivyo. Siku nyingine ngumi ilijifunga kwenye mpini ikakataa kuachia, tukaifungua kidole kwa kidole, na machozi yakamlengalenga kwa hasira. Habari kutoka Pangani zilikuwa zinakuja: leo kakaa, leo hakula, leo kaulizia somo yake. Tulitia mchanga kwenye kata, kidogokidogo, mpaka ukafikia uzito wa maji. Nilipendekeza sasa tujaribu maji ya kweli. Akakataa.

"Ya kweli yana mwenyewe," akasema.

Mnaoendelea na miwani ile, zingatieni hilo. Haikumpa Bi Mwanajuma mkono. Ilimpa mahali pa kukosea bila kumwaibisha mtu. Kapi langu lisingeweza.

Asubuhi moja Tatu akanipigia simu. Bi Riziki ametutoka, na mama anasema nije.

Nilifika Pangani jua limepanda. Mimi ni Mkristo, lakini msiba ni msiba. Nikaketi mkekani na wanaume, ukutani mwa nyumba, karibu na Mzee Bakari. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na ua, na uani wametundika shuka na kanga, na huko hakuna mwanamume anayekanyaga. Nilimsikia Bi Mwanajuma akiamrisha: hapo, inua, funika. Kisha kimya. Kisha maji.

Yalikatika. Kidogo, yakasimama, yakamwagika kwa kishindo, yakasimama. Nikaufahamu mlio ule. Niliubeba mguuni kwangu. Na nikajua bega limepanda, kama vile nimesimama mbele yake. Ndipo nilipoelewa, pale mkekani, uzeeni, Mzee Kihiyo alikuwa anaonaje akiwa amelala nyuma ya pazia. Alikuwa anaisikiliza kamba ya kapi.

Nyuma ya ukuta mwanamke mmoja akasema kwa upole, "Bi Mwanajuma, nipe mie."

Hakujibiwa. Maji hayakuanza.

"Bega chini," nikanong'ona. "Kiwiko kitangulie."

Mzee Bakari akaniona midomo inacheza. "Waomba?"

"Naomba," nikamwambia.

Maji yakaanza tena. Safari hii yalishuka mfululizo, marefu, hayana haraka, yakatembea kutoka huku kwenda kule bila kukatika, yakaisha yalipotakiwa kuisha. Yakarudi. Upande wa kulia, halafu wa kushoto. Miezi yote ile nilikuwa nimeona mkono nisiyaone maji, na sasa nilisikia maji nisiuone mkono. Nilifumba macho nikayasikiliza mpaka yakaisha.

Baadaye sana alitoka kwenye pembe ya ua, Tatu nyuma yake. Nikasimama. Mkono wa nguo yake ulikuwa umelowa mpaka kwapani. Akauinua mkono wa kulia, bila kuushikilia kwa wa kushoto, maji yakamtiririka kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Haya yanalowesha, mwanangu," akasema.

Hapo ndipo alipolia. Akajifuta machozi kwa mkono uleule, jicho hili na jicho lile, na wala hakujua kwamba ameutumia.